Karo Hudaiwa Januari, Miwa Hulipa Ipendapo

Mkulima wa miwa wa Awendo, kaunti ya Migori, akipanda leo hatarajii kuvuna kabla ya miezi 18, na mara nyingi huenda hadi miaka 2. Miwa ikishakomaa ndipo kungoja kunapoanza hasa: angoje zamu ya kukatiwa, angoje trekta, angoje mizani, kisha angoje malipo. Kwa miaka mingi kampuni ya South Nyanza Sugar, ambayo wenyeji huiita Sony, imekuwa ikidaiwa na wakulima wake, na ni nadra kampeni kupita huko bila mgombea kuapa kwamba deni hilo litalipwa. Katika kaunti jirani ya Homa Bay, mama anayechuuza omena Mbita au Sindo hali yake ni kinyume. Pesa huja leo na huisha leo, na mbalamwezi ikitanda ziwani taa za wavuvi hazina kazi, omena haipatikani, na siku hizo mama huyo huishi kwa deni la dukani.

Shule haijui habari za miwa wala za mwezi. Hudai mara 3 kwa mwaka, na kwa mgao wa Wizara ya Elimu wa 50:30:20, nusu ya karo yote huitishwa muhula wa kwanza. Kwa shule ya bweni ya kitaifa, ambayo karo yake rasmi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 53,554, nusu hiyo ni shilingi 26,777. Zinatakiwa Januari, wiki chache baada ya Krismasi, na hapo hujanunua godoro, sanduku la chuma, sare na ndoo. Mwenye ekari 3 za miwa iliyosimama shambani anaweza kuwa na mali ya kulipia karo hiyo mara kadhaa na bado akose elfu 5 mfukoni asubuhi ya kuripoti.

Watoto wengi wa kaunti hizi mbili hupotelea katikati ya kalenda hizo: ya anayelipwa na ya anayedai. Nasema hivyo mapema kwa sababu nataka kuzungumzia pesa nyingi sana zinazokuja Afrika kwa jina la kuwasomesha vijana na kuwaingiza katika huduma za kifedha, na nina shaka kama zinaiona nafasi hiyo ya katikati.

Wakfu wa Mastercard ulianzishwa mwaka 2006, kampuni ya kadi yenye jina hilo ilipoingia soko la hisa na kuutengea sehemu ya hisa zake. Makao yake yako Toronto, Kanada, na una bodi yake inayoamua mambo bila kuiuliza kampuni. Hisa zile zimepanda thamani mno tangu hapo, hata leo wakfu huo uko katika safu ya mbele ya mashirika ya hisani duniani, mali yake ikihesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya dola. Mwaka 2018 ulitangaza mkakati uitwao Young Africa Works, wenye lengo la kuwawezesha vijana milioni 30 wa Afrika kupata kazi yenye staha kufikia mwaka 2030. Wakati wa janga la Korona, mwaka 2021, ulitoa dola bilioni 1.3 kusaidia chanjo barani kwa kushirikiana na Africa CDC. Ni mfadhili wa kaliba hiyo. Akikohoa, mashirika ya Nairobi huandika mapendekezo upya.

Kenya inamfahamu zaidi kupitia Wings to Fly, mpango unaoendeshwa na Wakfu wa Equity tangu mwaka 2010, ambao wafadhili wengine pia walijiunga nao, likiwemo shirika la Marekani la USAID. Zaidi ya wanafunzi 20,000 wamepita humo. Na tuwe wakweli: ni mpango mzuri. Mtoto halipiwi karo tu. Hupewa sare, vitabu, nauli, vitu vya bweni na pesa kidogo za matumizi, na huwekewa mlezi wa kumfuatilia. Aliyewahi kumwona mtoto akirudishwa kutoka lango la shule kwa kukosa godoro ataelewa kwa nini nalitaja godoro kwanza.

Uteuzi nao una utaratibu wa kusifiwa. Tawi la benki hupokea fomu. Bodi ya kijamii huketi, ndani yake mkiwa na watu wa elimu, viongozi wa dini, wa utawala na wa benki yenyewe. Mtoto huitwa kuhojiwa pamoja na mzazi au mlezi, kisha watu hutumwa nyumbani kwao kuona kwa macho: paa ni la nini, nani anaishi hapo, mama yu hai, baba yuko wapi. Enzi ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, alama zilitangulia na umaskini ukafuata. Mtoto alitakiwa awe na kichwa chepesi na nyumba nzito kwa shida. Yatima aliyeongoza shuleni kwao na kulelewa na nyanya asiye na kipato alipata nafasi, na haki yake.

Sasa mchukue mtoto wa yule mkulima wa Awendo. Wageni wanafika kwao. Wanakuta nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji, ng'ombe 2 wa maziwa wamefungwa, miwa imesimama hadi barabarani. Baba na mama wote wapo. Fomu inasema hawa si maskini, na fomu haidanganyi. Lakini Januari ile baba hana kitu. Miwa mingine imekatwa tangu Septemba na malipo hayajulikani yatatoka lini. Atauza ng'ombe mmoja kwa bei ya hasara, kwa kuwa kila mzazi anauza Januari na wanunuzi wanajua. Au atamwambia kijana asubiri kidogo nyumbani, na katika Migori kusubiri nyumbani ni hatari, maana machimbo ya dhahabu ya Osiri na Macalder kule Nyatike humpa kijana wa miaka 15 pesa taslimu jioni ileile. Akishazoea pesa ya jioni, kumrudisha darasani kunataka mahubiri.

Familia za namna hii ndizo nyingi vijijini kwetu. Wana mali lakini hawana pesa za Januari. Hawako katika hesabu ya mfadhili kwa sababu hawajafika chini kabisa, na serikali haiwafikii kwa sababu basari ya eneo bunge au ya kaunti hugawanywa vipande vidogo vidogo, na hundi nyingi hufika shuleni wakati mtoto amekwisha kurudishwa nyumbani mara 2. Januari 2025, mwezi uleule wa karo, Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzuia kaunti kutoa basari mpaka ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu. Kisheria huenda alikuwa na hoja, kwa kuwa Katiba imeziachia kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi. Mzazi wa Ndhiwa alielewa jambo moja tu, kwamba jina lililokuwa kwenye orodha halina tena maana.

Kuna mtu wa kisiwa cha Rusinga aliyewahi kulitatua tatizo la jinsi hii, na chuo kikuu kilichoko Homa Bay kina jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa Kenya walikuwa wakiandikia vyuo vya Marekani na kupata nafasi, wengine na ufadhili wa masomo. Nyumbani watu walichanga: karamu za chai, mbuzi wakauzwa, vyama vya ukoo vikatoa. Wengi walikwama kwenye nauli. Tiketi ya ndege ya kwenda Amerika haikuchangika kwa mbuzi. Tom Mboya, pamoja na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, wakishirikiana na mfanyabiashara wa Marekani William Scheinman na wakfu mdogo ulioundwa kwa kazi hiyo, waliamua kukodi ndege nzima. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata orodha ilikuwa ndefu zaidi na pesa hazikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa ndiyo kwanza ameteuliwa kugombea urais, na wakfu wa familia yake, uliobeba jina la kaka yake Joseph aliyefia vitani, ukatoa dola 100,000 za usafiri. Watu wa Richard Nixon, mpinzani wake, waliposikia walikwenda haraka kwenye wizara ileile iliyokuwa imekataa, na ghafla wizara ikawa na dola 100,000 zake. (Wanasiasa wa Kenya si wa kwanza kugundua kwamba karo ya mtoto wa mwenzio huleta kura.) Waliochukua ndege za mwaka huo wa 1960 walikuwa pamoja na msichana wa Nyeri ambaye baadaye dunia ilimjua kama Profesa Wangari Maathai.

Tunapolisimulia tukio hilo tunapenda kumtaja Kennedy na Mboya. Mimi hunivutia hesabu yake. Nafasi za masomo zilikuwepo, michango ya nyumbani ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na orodha ilitengenezwa na Wakenya wenyewe. Pesa ya wakfu iliwekwa mahali pamoja tu palipokuwa pamezuia vyote hivyo, yaani nauli. Haikuja kuchukua nafasi ya jasho la watu. Ilikuja kuliwezesha lifike.

Upande wa pili wa kazi za wafadhili kama Wakfu wa Mastercard ni ule wa kuwaingiza watu katika huduma za kifedha, na hapa takwimu za Kenya hupendeza sana kwenye ripoti. Utafiti wa FinAccess ulionyesha kwamba mwaka 2006 watu wazima waliotumia huduma rasmi za kifedha walikuwa asilimia 26.7. M-Pesa ikaja mwaka 2007, na kufikia 2024 idadi hiyo ilikuwa asilimia 84.8. Lakini utafiti huohuo huuliza pia kama watu wanaweza kumudu siku kwa siku, kuhimili dharura na kuwekeza kwa ajili ya kesho, na mwaka 2024 waliohesabiwa kuwa na afya njema ya kifedha walikuwa asilimia 18.3 tu. Simu imefika kila boma. Nafuu haijafika.

Wakfu wa Mastercard ulilijaribu jambo hili kwa vijana mapema. Kati ya 2010 na 2015 ulifadhili mradi wa YouthSave katika nchi 4, Kenya ikiwemo, na hapa Postbank ilifungua akaunti ya vijana iliyoitwa SMATA. Wazo lilikuwa kwamba mtoto akizoea kuweka akiba mapema atasoma na kupanga maisha yake. Sina ugomvi na wazo hilo. Ila akaunti ya mtoto hulishwa na mfuko wa mzazi, na mfuko wa mzazi unafuata miwa na omena. Ukimfundisha binti wa Karungu kuweka shilingi 50 kwa wiki, wiki ya mbalamwezi ataziweka kutoka wapi?

Pengo hilo la Januari halikubaki wazi, ila waliolijaza ni wakopeshaji wa simu. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ikaja Fuliza, zikaja programu nyingine nyingi zilizotoza zaidi na kuwapigia simu jamaa za mdaiwa kuwaaibisha, hadi Benki Kuu ilipopata sheria ya kuzisimamia na kutoa kanuni mwaka 2022. Novemba 2022 serikali ikaleta Hustler Fund kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, bei nzuri, ingawa kiwango cha kwanza cha wengi hakikutosha hata ndoo na sabuni za bweni. Mkulima anayekopa Januari kwa siku 30 ili alipe kwa pesa ya miwa itakayotoka Juni amekopa kwa kalenda isiyo yake. Atakopa tena kulipa ule wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili.

Wanaoijua kalenda hii vizuri ni wanawake wa vikundi. Waluo huviita nyoluoro, na vile vilivyopangwa zaidi ni vile vya kuweka na kukopa. Nenda alasiri ya siku ya kikundi utakuta sanduku la bati lenye kufuli 3. Funguo ziko kwa wanawake 3, na sanduku lenyewe hulala kwa wa nne. Kila mmoja ana kijitabu, na kila hisa anayonunua hupigwa muhuri mbele ya wote, kwa sauti, hata asiyesoma ajue aliyekaa kando yake ameweka ngapi. Kuna faini ya kuchelewa, na faini ya simu kulia. Anayekopa hueleza mbele ya wenzake anakopea nini, na akisema ni biashara ya omena, watakuwepo watu 4 wanaojua bei ya omena ya asubuhi hiyo. Riba hurudi kwao wenyewe. Halafu, na hili ndilo la maana, sanduku huvunjwa mwisho wa mwaka, Desemba, ili kila mmoja aingie Januari na kitu mkononi. Hakuna mshauri aliyetumwa kutoka Toronto kuwaambia wachague Desemba.

Sanduku hilo lina mipaka. Wote ni wachuuzi wa ufuo mmoja. Ziwa likigoma, limegoma kwa wote. Pesa za Desemba hugawanywa kwa karo, mbolea, deni la hospitali na matanga. Hata kikundi kilichokaa vizuri hakiwezi kumkopesha mwanachama shilingi 26,777 bila kuwanyima wengine. Hapo ndipo mfadhili mkubwa angefaa, na Wakfu wa Mastercard hauwezi kusema ni jambo geni kwake, kwa sababu umewahi kufadhili vikundi vya namna hii katika nchi za Afrika kupitia mashirika kama CARE na Catholic Relief Services.

Ninachopendekeza hakina mvuto wa picha za ripoti. Mkulima aliyekwisha kupeleka miwa mizanini ana risiti. Risiti ile ni pesa iliyochelewa. Mfuko wa dhamana, uliowekwa na wakfu katika benki au chama cha akiba na mikopo, unaweza kuilipia shule moja kwa moja Januari kwa nguvu ya risiti hiyo na kujirudishia kiwanda kinapolipa. Sony imekodishwa kwa mwekezaji binafsi tangu mwaka 2025, kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya serikali. Sharti la malipo kupitia mfuko kama huo ni jambo la kuzungumzwa sasa, mambo yakiwa bado mabichi. Kwa mama wa omena dawa ni nyingine: shule ikubali kupokea karo kidogo kidogo kila wiki ya uvuvi mzuri tangu Agosti, na wakfu uongeze kitu juu ya kila akiba ya karo inayopita kwenye sanduku la kikundi. Walimu wakuu wengi hupokea mahindi na maharagwe badala ya pesa. Hawatashindwa na malipo ya kila wiki.

Najua jibu la wafadhili. Watasema mwanafunzi aliyelipiwa miaka 4 huhesabika, ana jina, ana alama, unaweza kumwonyesha kwenye mkutano wa bodi. Mkulima aliyelipwa mapema akalipa karo mwenyewe hatajihesabu kuwa mfadhiliwa wa mtu. Ni kweli, na kwangu hiyo ni sifa ya mpango, ingawa kwa mwandishi wa ripoti ni kasoro. Watasema pia kwamba wadanganyifu wataleta risiti za uongo. Wataleta. Ndiyo maana fedha ziende kwa shule, na kikundi kimdhamini mwanachama wake kama kinavyofanya tayari.

Kuna sababu nyingine ya kulifanya hili haraka. Mpango wa DREAMS wa serikali ya Marekani, uliotangazwa mwaka 2014 kuwakinga wasichana na VVU, ulianza Kenya katika kaunti chache, Homa Bay ikiwa mojawapo, na Migori ikaongezwa baadaye. Ulilipia wasichana wengi karo, kwa hoja nzuri kwamba msichana aliye darasani yuko salama zaidi kuliko aliye ufuoni akimtegemea mvuvi wa kumpa samaki. Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Karo za wasichana hao ziliamuliwa na watu wasiojua Mbita iko wapi, katika mwezi uleule wa Januari. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba ni asilimia 23 Homa Bay na asilimia 23 Migori, wakati wastani wa taifa ni 15. Kaunti zenye nambari hizo haziwezi kutundika elimu ya binti kwenye uchaguzi wa nchi nyingine.

Wakfu wa Toronto haugombei uchaguzi, na kwa hilo ni afadhali. Lakini nao una tarehe yake, 2030, na una haki ya kubadilisha mkakati siku itakapofika. Wanafunzi waliofadhiliwa watakuwa na vyeti vyao, na wengi wao watakuwa na kazi. Mwenye miwa atakuwa akingoja mizani.

Kwa Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay na Gavana Ochillo Ayacko wa Migori ninalo ombi moja. Safari ijayo wajumbe wa wakfu wakija, msiwakaribishe hotelini wala msiwapangie watoto wa kuimba. Wapelekeni Mbita mwezi wa Desemba, wakae na kikundi kimoja cha akina mama siku ya kugawana, kisha waende Awendo wiki ya kwanza ya Januari wakakae na wakulima wenye risiti mkononi. Wawaulize swali moja: pesa yako huja lini? Wakirudi Toronto wapange ruzuku yao kwa jibu hilo.